YAH: KUWAPELEKA WATOTO SINEMA KWA GHARAMA NAFUU WAKATI WA LIKIZO YA JUNI

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Muhula wa kwanza umemalizika salama, na taarifa ya maendeleo ya mwanao imo ndani ya bahasha hii. Matokeo tutayazungumza kikaoni shule itakapofunguliwa. Hapa ninajibu swali ambalo wazazi kadhaa wameniuliza getini wiki hizi mbili, yaani namna ya kumpeleka mtoto sinema bila kuvunja kibubu.

Hofu ya gharama ina msingi, ingawa mara nyingi kinachomaliza fedha ni bisi, soda, miwani ya filamu za 3D na bajaji ya kurudia nyumbani kuliko tiketi yenyewe. Familia ikila chakula cha mchana nyumbani, ikapanda daladala na kuchagua filamu isiyohitaji miwani, italipia tiketi na nauli tu. Nauli hiyo ihesabiwe ya mtu mzima, kwa kuwa makondakta wengi hawakubali nauli ya mwanafunzi kwa mtoto asiyevaa sare, nami nisingependa kuona sare zetu zikivaliwa likizo kwa sababu hiyo.

Kabla ya siku yenyewe, ni vyema kupiga simu kwenye jumba la sinema na kuuliza kama tiketi za katikati ya wiki zina punguzo, mtoto huanza kulipiwa akiwa na umri gani, na filamu inayoonyeshwa imepangiwa daraja gani la umri. Si kila katuni ni ya watoto.

Ninasisitiza onyesho la mchana. Likizo iliyopita mwanafunzi wetu wa Darasa la Nne na mdogo wake walipewa fedha waende wenyewe, filamu ikaisha usiku, na jirani akawakuta stendi wakitetemeka kwa baridi. Mwezi Juni jua huzama hapa Arusha mnamo saa 12:30 jioni, ilhali filamu ya watoto inayoanza saa 8 mchana kwa kawaida huwa imekwisha kabla ya saa 11. Mtoto aende na mtu mzima, ambaye pia atamnong'oneza mdogo wa Darasa la Kwanza kinachosemwa, maana filamu nyingi za watoto huwa kwa Kiingereza. Bibi au babu aliyewahi kuingia Metropole, jumba la sinema la zamani hapa Arusha, enzi zake angefaa sana kwa kazi hiyo.

Vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea video mitaani, vina kiingilio kidogo, lakini filamu zake hazichaguliwi kwa kuzingatia umri, kwa hiyo visichukuliwe kuwa mbadala.

Kwa familia ambazo hata nauli ni mzigo, shule itaonyesha filamu bwaloni bila malipo Jumamosi ya pili na ya tatu ya Juni, kuanzia saa 8 mchana. Daftari la kujiandikisha lipo kwa mlinzi getini. Kila mtoto aje na mzazi au mlezi, mkeka na sweta. Tunaomba zisiletwe flashi zenye filamu zilizonakiliwa mitaani. Shule itaonyesha zile tu ilizopata kibali cha wenye hakimiliki.

Wako katika malezi ya watoto,

Mwalimu Mkuu