Unyevu wa nje sasa ni maji ya tangi

Nairobi, Jumapili jioni

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Julai imetukaba, asubuhi hatutoki bila sweta. Mama hajambo, ila goti bado linamsumbua.

Unaikumbuka ile saa ya hali ya hewa uliyoniletea, yenye kihisi cha kuning'iniza nje? Kihisi kiliingia maji ya masika kikafa, kioo kikabaki na vistari vitupu. Wengi waliniambia niitupe. Sikuweza. Kioo kilikuwa kizima, kimekosa tu wa kukisemesha.

Nikanunua transmita, yaani kirusha mawimbi ya redio, ya megahezi 433 pale Barabara ya Luthuli, nikaiunga na Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta, ili ziige kihisi kilichokufa. Lugha ya vihisi vya aina hii ni fupi ajabu: biti 36 tu, yaani alama 36 za sifuri au moja. Mpigo wa redio wa nusu milisekunde, kisha kimya. Kimya cha milisekunde moja ni sifuri, cha mbili ni moja. Nyuzi 23.6 huenda kama 236, zikafuata biti nne ambazo zote ni moja, ndipo unyevu. Hizo nne nilizidharau nikazituma sifuri, kioo kikaninyamazia siku tatu. Nilipozirekebisha, namba zikatokea saa tano usiku. Nilimwamsha Mama aje aone!

Halafu nikawaza: unyevu wa nje watusaidia nini sisi tunaoishi kwa maji ya mgao? Nafasi yake nimelipatia tangi la juu ya paa. Kihisi cha mwangwi kimekaa kwenye mfuniko, kinapiga sauti isiyosikika na kungoja irudi kutoka kwenye maji. Muda huo naugeuza kuwa asilimia. Kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 hivi hakikioni, kwa hiyo nimekiinua kwa kipande cha paipu, la sivyo tangi likijaa kinapayuka. Likijaa kabisa natuma 99, maana kioo kina nafasi ya tarakimu mbili.

Mama hapandi tena ile ngazi ya chuma kwenda kugonga tangi. Leo ameona 41, akaahirisha kufua blanketi.

Ile saa yako iliyo kabatini usiitupe, tafadhali. Nipigie picha ya mgongo wa kihisi chake, maana si vyote vyenye lugha moja. Vingine huongeza mwishoni biti za kukagua kama ujumbe umefika bila makosa. Na betri zitoe leo, zisije zikavuja ndani.

Mama anakusalimu sana.

Nduguyo wa Nairobi