Somo, anza na neno "play"

Yiwu, China, Jumapili usiku

Somo yangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa kitako, maana mara ya kwanza nilikuwa nakimbilia basi. Kwa hiyo umepata mwanafunzi! Mama wa Kichina mwenye ghala la vyombo hapo Dar, anataka Kiingereza cha kuongea na wateja na cha kumsaidia mwanawe kazi za shule, na wewe umeshamkubalia kabla hujajua utaanzia wapi. Ndiyo wewe yule yule niliyekuacha. Unaniuliza uanze na alfabeti au na salamu. Salamu atakuwa nazo, na herufi anazijua vizuri tu, kwa sababu hata Kichina chake kwenye simu huenda anakiandika kwa kubonyeza ABC hizo hizo. Anza na "play".

Najua unacheka. Nami nilicheka, mpaka siku ya baiskeli.

Hapa ofisini tunasafirisha mizigo midogo midogo ya wateja wa Afrika Mashariki, na mezani kwangu nimekaa na binti mmoja wa Kichina anayejibu ujumbe wa Kiingereza. Mchapakazi hasa. Siku hiyo mteja wa Mombasa aliyepokea baiskeli za watoto za magurudumu matatu alituma mstari mmoja tu, kwamba magurudumu ya mbele yana "too much play". Binti akausoma, akatabasamu, akajibu: tumefurahi sana kusikia watoto wanazipenda. Somo, mteja alipiga simu kabla chai yangu haijapoa. Nilishika mimi, na nilitukanwa kwa Kiswahili kilichonyooka. Kwa nini tunamkejeli?

Nilipouona ule ujumbe, wala sikuhitaji kamusi. Magurudumu yanacheza! Kama jino linavyocheza, kama usukani wa daladala unavyocheza dereva akaishia kuukata mara mbili kwa kona moja. Nikachukua baiskeli ya sampuli iliyokuwa juu ya kabati, nikashika mkono wa binti nikauweka kwenye gurudumu, nikalitikisa kushoto na kulia. Likagonga, tak tak. Akanitazama. "Sōng le," akasema, limelegea. Tena akarudia polepole, akiwa bado ameshika gurudumu: hii nayo ni "play"? Ndiyo, hii nayo. Kiwandani walikuwa wameweka washa, kile kipete bapa cha kubana gurudumu, nyembamba kuliko inayotakiwa, basi. Lakini lile swali lake lilinikaa kichwani, na tangu hapo tukawa tunaokota "play" kila tunapoikuta, kama watu wanaookota makombe pwani.

Nikwambie nilichokiona. Kiingereza hakiangalii mkono. Uwe na mpira, gitaa, karata, filimbi au kete, kwake ni "play" tu. Mchina huangalia kwanza mkono unafanya nini, au mguu. Mpira wa miguu kwao ni tī, kupiga teke. Mpira wa kikapu na wa meza ni dǎ, kupiga. Gitaa ni tán, kazi ya ncha za vidole, na piano imo humo humo. Fidla ni lā, yaani kuvuta, neno lile lile lililobandikwa kwenye milango ya maduka ya hapa kukuambia uvute usisukume. Na ukiwakumbuka wapiga fidla wa taarabu, ule upinde unavyokwenda na kurudi, utaona hawajakosea. Filimbi ni chuī, kupuliza. Chesi ni xià, kushusha, kwa kuwa kete unaishusha juu ya ubao. Wimbo wa kwenye simu ni fàng, kuuachia, na hapo nilicheka peke yangu kwa sababu vijana wetu wanasema "achia ngoma" bila kujua Kichina. Mwigizaji ana neno lake, yǎn. Na mchezo wa kuigiza wenyewe, ule wa jukwaani, ni jina jingine kabisa.

Sasa umwambie mtu aliyekulia ndani ya maneno yote hayo kwamba kwa Kiingereza ni moja. Atakuitikia vizuri, kisha kesho atakuambia mumewe "anapiga" mpira wa kikapu, kwa neno la kumpiga mtu.

Neno la kumwekea jicho ni wán. Hili ndilo watakalokuambia kwamba ndilo "play" yenyewe, na kwa watoto na midoli ni kweli. Ila mtu mzima naye ana wán yake: anachezea simu, anakwenda Shanghai kupumzika, anakaribisha wageni nyumbani. Binti wangu wa mezani aliwahi kumwandikia mteja mmoja wa makamo, mtu wa heshima zake, aje Yiwu "kucheza na sisi". Mzee akajibu kwamba yeye anakuja kununua bidhaa, hana umri wa kucheza. Maskini, alikuwa anaambiwa karibu utembee! Ndiyo tafsiri yake hasa: ile "kutembea" yetu, ya mtu aliyekaa kwenye mkeka anakunywa kahawa na kukuambia amekuja kutembea. Mwanafunzi wako akisema Jumapili "alicheza" na mama mkwe wake, usishangae. Walikwenda kula.

Na ndipo unapoingia ujanja ninaotaka uutumie. Usimpitishe Kiingereza peke yake. Anakaa Dar, Kiswahili cha sokoni anacho, basi mpitishie hapo, kwa sababu dǎ yao na piga yetu ni mapacha. Sikutanii. Wanapiga simu: dǎ diànhuà. Wanapiga ngoma, wanapiga sindano, wanapiga chafya, wanapiga miayo, na radi nayo inapiga, yote kwa dǎ. Kibarua cha kuajiriwa ni dǎ gōng, nami huwa nakitafsiri moyoni "kupiga kazi". Siku niliyomwandikia binti orodha hiyo kwa lugha mbili, ubavu kwa ubavu, aliinyanyua karatasi akaizungusha ofisi nzima, na mpaka leo akipiga chafya ananiangalia kwanza.

Mapacha hao hawafuatani kila mahali, lakini hata wanapoachana kuna utamu. Picha sisi tunapiga. Wao ni pāi, neno la kumpigapiga mtu begani. Kura sisi tunapiga, wao wanaitupa. Mswaki sisi tunapiga, wao wanasugua, na hapo nadhani wao ndio wenye akili. Samaki sisi tunavua, wao wanampiga. Mwavuli pia wanaupiga, na hili sijapata mtu wa kunieleza nikaridhika.

Kwa hiyo siku ya kwanza usifungue kitabu. Beba mpira mdogo, filimbi, na simu yenye wimbo. Fanya tendo, yeye alitaje kwa Kichina, wewe ulitaje kwa Kiswahili, na Kiingereza kije mwisho kikiwa kimebeba yote matatu. Atakapoona kwamba hata wewe unabadilisha neno, kwamba gitaa unapiga na karata unacheza, aibu itamtoka. Wanafunzi wa hapa wanadhani ni wao tu wanaoonewa na Kiingereza. Mwambie na sisi shuleni tulivyokuwa tunasema tunataka "to beat a picture" na darasa zima halioni kosa.

Halafu ujichunge na wewe. Cheza yetu ina dansi ndani yake, na "play" haina. Mimi mwenyewe nilishamwambia mtu kwamba harusini kwetu watu "wanaplay" mpaka alfajiri, akaniuliza wanacheza mchezo gani. Kichina dansi ni tiàowǔ, na hiyo tiào ni kuruka. Kwa baadhi ya wajomba zetu ni maelezo sahihi kabisa.

Mambo ya "the", wiki ya kwanza yaache. Watoto wa hapa wanakaririshwa kwamba ala ya muziki inatanguliwa na "the" na mpira hautanguliwi na kitu, wanaimba kama shairi. Lugha yao haina kidude hicho na yetu haina, atakichukua taratibu.

Huku ni saa mbili usiku, kwako saa tisa alasiri, nadhani ndiyo unatoka kazini. Kesho nina kontena la kupakia asubuhi, ngoja nikalale. Ila kuna moja la faida yako, usije ukasema sikukwambia. Kupunguza bei kwa Kichina nako ni kupiga: dǎ zhé. Ukitaka sufuria kutoka ghalani kwake, mwombe kwa neno hilo, litamfurahisha. Lakini akikujibu "bā zhé", yaani nane, usirukeruke ukidhani amekupunguzia asilimia 80. Wao wanahesabu utakacholipa, si kilichoondolewa. Nane ni kwamba unalipa 80 kwa mia, amekutolea 20 tu. Na akisema "jiǔ zhé", tisa, hiyo ni kumi peke yake, mwombe tena.

Wako,
Somo