Wauza unga hawaogopi miaka, wanaogopa kesi inayoisha

Mhariri,

Kila polisi wanapopigwa picha na mifuko ya unga (heroini) mezani, hapa Pwani huzuka kauli ile ile: sheria zetu ni laini, wauza unga wanyongwe. Nimeisikia barazani, nimeisikia kwenye matanga, na wanaopita kuomba kura wanaipenda kwa sababu haigharimu kitu. Naelewa inakotoka. Mzazi ambaye mwanawe ameuza hata sufuria za jikoni apate kete (kipakiti kidogo cha unga) ya siku hana hamu ya kusikia habari za haki za mshtakiwa. Lakini kauli yenyewe imesimama juu ya jambo lisilo kweli.

Sheria yetu si laini. Ile ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 iliweka kifungo cha maisha kwa mlanguzi, na juu yake faini ya shilingi milioni moja au mara tatu ya thamani ya mzigo. Mwaka 2022 ilirekebishwa, adhabu zikapangwa kwa uzito wa mzigo na faini zikapandishwa mno. Kwa hiyo muuza unga wa Mombasa ameishi na tishio la kufia gerezani tangu baadhi ya mateja (waraibu wa unga) wa leo hawajazaliwa, na ni katika miaka hiyo hiyo unga ulipoenea kutoka Lamu hadi Kwale. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini katika jahazi moja tu, mashariki ya Mombasa. Tani nzima na ziada! Sidhani waliopakia mzigo ule walikaa kwanza kusoma vifungu vya sheria ya Kenya.

Chukua kesi ya ndugu wawili Akasha, Baktash na Ibrahim, walanguzi wa dawa za kulevya wa hapa Mombasa. Walikamatwa Mombasa Novemba 2014, katika mtego uliotegwa na maafisa wa Marekani wakishirikiana na polisi wetu. Ombi la kuwapeleka Marekani likakaa mahakamani zaidi ya miaka miwili, likiahirishwa na kuahirishwa tena, nao wako nje kwa dhamana. Walipopakiwa ndege hatimaye, Januari 2017, mambo yakaenda mbio kwa kulinganisha: Oktoba 2018 wakakiri makosa, Agosti 2019 Baktash akafungwa miaka 25, na Januari 2020 Ibrahim akafungwa 23. Waendesha mashtaka wa New York waliieleza mahakama kwamba ndugu hao walikuwa wakihonga maafisa wa Kenya, wakiwemo polisi, waendesha mashtaka na majaji, ili biashara yao isiguswe.

Hebu tulifikirie hilo. Kifungo cha maisha kilikuwa Marekani na kilikuwa hapa pia, kimeandikwa wazi. Mbona basi walipigana kwa mawakili na kwa fedha wabaki Mombasa? Kwa sababu kule kesi ingefika mwisho. Ndiyo tofauti yote. Kupandisha adhabu wakati kesi haziishi ni kama kuandika bei mpya kwenye duka lisilofunguliwa.

Tena ukali una ubaya wake ambao hausemwi. Mtu anayekabiliwa na miaka miwili atatoa alicho nacho mfukoni ili aachiwe njiani. Anayekabiliwa na maisha atauza nyumba. Tukiongeza kitanzi, tumempandishia bei afisa mla rushwa, na atakayeshindwa kuilipa ni kijana wa Majengo aliyekutwa na kete chache, wala si mwenye jahazi.

Wenye kumbukumbu wanaujua mwisho wa mwaka 2010. Desemba ile, waziri wa usalama wa ndani, marehemu George Saitoti, alisoma Bungeni majina ya wabunge waliokuwa wakichunguzwa kwa ulanguzi, na msako ukapamba moto. Unga ukaadimika Pwani nzima, kutoka Mombasa hadi Malindi. Vijana walilala na arosto (mateso ya kukosa unga) vibarazani, wengine wakamalizia kwa vidonge na pombe. Sheria haikuwa imebadilishwa hata nukta. Kilichobadilika ni kwamba kwa miezi michache wakubwa waliamini wanaweza kushikwa. Baadaye polisi wakasema hawakupata ushahidi wa kuwashtaki waliotajwa, msako ukapoa, na kete zikarudi vichochoroni. Sijaona somo lililo wazi zaidi ya hilo, na tulilipata bure hapa hapa nyumbani.

Najua nitajibiwa kwa Singapore. Ni kweli wananyonga, na ni kweli mitaa yao si kama yetu. Ila ni kisiwa kidogo chenye polisi wasionunulika kirahisi na mahakama ambamo kesi haipotei, kwa hiyo anayesema ni kamba peke yake iliyofanya kazi ana deni la kueleza habari za jirani yake. Malaysia iliufanya unyongaji wa walanguzi kuwa wa lazima mwaka 1983, unga haukukoma, na mwaka 2023 ikaufuta ulazima huo. Vietnam nako, Machi 2025 binti wa Kenya alihukumiwa kifo kwa kilo mbili na ushei za kokeni alizokamatwa nazo uwanja wa ndege wa Ho Chi Minh City. Mwenyewe alidai hakujua alichobebeshwa. Miezi mitatu baadaye bunge la nchi hiyo likaondoa hukumu ya kifo kwa kosa la kusafirisha dawa. Kinachonikera ni kwamba kamba huwa inamfikia punda, yaani mbebaji wa mzigo. Aliyempa begi na tiketi hajulikani, na labda ameshampata punda mwingine.

Kuhusu teja mwenyewe sina maneno mengi: mwenye arosto hahesabu miaka, anahesabu saa. Huyo dawa yake ni methadoni, dawa mbadala ya heroini, anayoinywa kila siku mbele ya muuguzi bila malipo, kama inavyofanyika Malindi tangu 2015 na Kisauni baadaye. Kila anayeacha kununua ni mteja mmoja aliyepungua kwa muuzaji.

Sasa ombi langu kwako, Mhariri. Gazeti lako halikosi kamwe picha ya mifuko mezani. Mifuko hiyo ikishapigwa picha, mwandishi wako aifuate. Tuambie kila mwezi kesi hiyo imefika wapi, imeahirishwa mara ya ngapi na kwa ombi la nani, shahidi gani hakufika, na ule unga uliopimwa siku ya kwanza una uzito gani siku ya hukumu. Anza na kesi ambazo msomaji ameshazisahau.

Msomaji wako,
Kisauni, Mombasa