Kaka, Kijiji cha Blatten Hakikuwa cha Kuchekwa

Shikamoo kaka,

Nakuandikia hadharani kwa kuwa ujumbe wangu wa faragha uliutupa kwenye kundi la ukoo. Basi na wausome wote.

Ulisema kuhusu Blatten, kijiji cha mama mkwe wangu katika bonde la Lötschental huku Uswisi, kwamba mtu anayejenga chini ya barafu anamjaribu Mungu. Wewe uliyelala kwa mama mkwe wangu, ukampasulia kuni bila kuombwa, ulijua kuwa watu wa bonde la Lötschental si wapumbavu. Kabla ya njia ya reli ya Lötschberg kufunguliwa mwaka 1913, maporomoko ya theluji yaliweza kuwafungia bondeni majira yote ya baridi, na wazee wao walijifunza ni mteremko upi wa kuogopwa. Hata safari hii mawe ya mlima Kleines Nesthorn yalipoanza kuielemea barafu ya Birch iliyo juu ya kijiji, wakazi wapatao 300 walihamishwa tarehe 19 Mei 2025, pamoja na mifugo yao. Siku tisa baadaye barafu ilishuka, ikafukia karibu asilimia 90 ya Blatten na kuuziba mto Lonza, maji yakapanda na kuzimeza nyumba zilizosazwa na mawe. Mzee mmoja wa miaka 64 alipoteza maisha.

Jioni ile tulikuwa Ferden, kijiji kingine cha bonde hilohilo. Mama mkwe alikuwa akitutajia alivyoviacha, akafika kwenye kinyago cha Tschäggättä, barakoa ya mbao ya sherehe za bondeni, alichochonga marehemu mumewe, ndipo ukapiga simu. Badala ya pole, uliuliza habari za yule ng'ombe aliyeumia akabebwa na helikopta: “Huko kwenu hata ng'ombe wanapanda ndege?” Hakuelewa neno hata moja, ila alikusikia ukicheka.

Kaka, ukimpigia mtu aliyepotelewa na nyumba, anza na pole, kisha nyamaza akuambie mwenyewe. Ni kwa ajili ya mama mkwe sikuja harusini mwezi wa Juni, wala si nauli niliyokosa, kama unavyowatangazia watu. Nani angekaa naye kujaza fomu za bima, na kumpeleka kwenye mikutano ambako wanakijiji walikuwa wakizungumzia kujenga upya? Wewe ndiwe uliyenifundisha kuwa mkwe ni mzazi.

Bado anakuulizia, na amemfumia kitinda mimba wako sweta, ingawa nimemwambia kwenu ni joto. Nitaileta pamoja na zawadi ya bibi harusi, lakini kwanza piga simu, uzungumze naye yeye, si mimi, nitatafsiri.