Waja leo, na walale Tanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi wakazi wa Tanga tumelizoea kiasi cha kutoliona tena. Kila yanapozungumzwa maendeleo ya jiji letu, husikika kauli kwamba Tanga ni mji wa bandari na viwanda, na kwamba mwenye hamu ya kutalii aelekee Zanzibar kwa fukwe au Arusha kwa wanyama. Nimeisikia barazani, nimeisikia redioni, na mwezi uliopita niliisikia kutoka kwa kijana wa bajaji aliyekuwa amewabeba wageni wangu mwenyewe. Naipinga kauli hiyo, ila si kwa hoja ya wapenda utalii wengi, ambao wangetamani viwanda vifichwe nyuma ya mikoko ili mgeni aione bahari peke yake. Kwa maoni yangu vivutio vya Tanga na viwanda vyake vimetoka tumbo moja, na mgeni hatapata sababu ya kulala hapa mpaka tumwoneshe vyote kwa pamoja.

Nasema kulala kwa makusudi. Mji wetu unajulikana tangu zamani kuwa mji wa waja leo waondoka leo, na wenyewe tunalitamka neno hilo kwa utani na majivuno, lakini kwa upande wa wageni wa mapumziko limekuwa kweli tupu. Anayetoka Mombasa hupita Lungalunga na Horohoro asubuhi, akayaona Mapango ya Amboni, akala chakula cha mchana na kurejea kwao kabla ya magharibi. Anayetoka Dar es Salaam akienda Lushoto hata hafiki kwetu, kwa kuwa akifika njia panda ya Segera gari lake hushika upande wa Korogwe. Aendaye Pangani au Saadani hujaza mafuta mjini, akanunua maji, akaondoka.

Shemeji yangu wa Mombasa, ambaye ni fundi mwashi, alinitembelea mwezi huo uliopita pamoja na wanawe wawili. Niliwapeleka Amboni kama ilivyo ada. Mapango yapo Kiomoni, kilomita kama nane kaskazini mwa jiji, karibu na Mto Mkulumuzi, na ingawa yapo mapango kumi, wageni hutembezwa katika moja tu. Muongozaji wetu alikuwa na tochi mbili, moja mkononi na nyingine ya akiba kiunoni, jambo lililonifanya nimwamini papo hapo. Alituinamisha kwenye vijia ambavyo mtu mnene hana budi kuvuta pumzi ili apite, akatuonesha miamba iliyojichonga yenyewe kwa matone ya maji, mmoja mfano wa sofa, mwingine mfano wa mlima wenye theluji, huku popo wakitupita juu ya vichwa. (Kwa faida ya wanaoogopa, popo wale hawana haja na mtu.) Kwenye pango la mzimu tulikuta chupa za marashi, vipande vya kitambaa cheupe na sarafu zilizoachwa na watu waliokwenda kuomba watoto, afya au riziki. Chupa moja ilikuwa bado ina marashi nusu, na mtoto mdogo wa shemeji alipotaka kuigusa muongozaji alimzuia kwa upole, akamwambia kwamba kila kilichowekwa pale kina mwenyewe.

Sisi tuliokulia Tanga tuliambiwa kwamba njia za mapango yale hutokea Mombasa, na kwamba mbwa aliyeingia Amboni alikuja kuonekana karibu na Kilimanjaro. Wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliofanya uchunguzi mwaka 1994 walikuta kwamba pango refu kuliko yote lina urefu wa mita 900 hivi. Muongozaji wetu alizisimulia habari zote mbili bila kupendelea, na nampongeza kwa hilo, ingawa watoto walikwishachagua kumwamini mbwa.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni swali la shemeji. Alipapasa ukuta wa pango, akanusa vidole vyake kama afanyavyo akiwa kazini, akaniuliza, "Shemeji, hii si chokaa?" Ni chokaa. Miamba ile ilijijenga chini ya bahari miaka milioni 150 hivi iliyopita, na mawe ya jamii hiyo ndiyo yanayochimbwa, kusagwa na kuchomwa katika viwanda vyetu vya saruji na chokaa. Maji yaliyokula jiwe hilo polepole yametuachia mapango, na binadamu aliyelivunja kwa baruti amejipatia saruji. Shemeji alitaka twende Pongwe siku ileile akaone jiwe linavyogeuka kuwa mfuko wa saruji, kitu alichokishika kila siku ya maisha yake bila kujua kinakotoka. Hapo nilikwama, kwa maana sikujua mlango wa kugonga wala siku ya kuugonga.

Badala yake tulikwenda kwenye kivutio kingine, ambacho sitakitaja kwa kuwa yaliyotukuta yangeweza kutokea popote. Mhudumu alikuwepo, tena mchangamfu, akatuandalia namba ya malipo, na hapohapo mtandao ukagoma. Fedha taslimu haruhusiwi kuzipokea. Tulikaa chini ya mwembe saa nzima na robo, watoto wakala machungwa yote tuliyoyabeba, mtandao ukarudi mara moja na kupotea tena, hatimaye shemeji akatazama saa, akasema ni heri wawahi mpakani. Simlaumu mtumishi yule, aliyefuata utaratibu aliopewa. Ninachouliza ni kwa nini utaratibu huo haukuandaliwa njia ya akiba, ilhali kijana wa mapangoni mwenye mshahara mdogo ameona umuhimu wa kubeba tochi ya pili.

Laiti wangelala, kesho yake ningewapeleka kwenye mkonge. Sioni sababu kwa nini zao lililoijenga Tanga halimo katika orodha ya vitu tunavyowaonesha wageni. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja mtaalamu wa kilimo, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika hai Pangani ilikuwa 62 tu, ambayo ndiyo mama wa mashamba yote ya mkonge tunayoyaona kutoka Tanga mpaka Korogwe na kwingineko. Mwaka 1964 nchi ilizalisha takribani tani 230,000 na kuongoza duniani. Mgeni akisimama mbele ya korona, yaani mashine ya kuchakata, ataona majani mabichi yakiingia upande mmoja na singa ndefu, yaani nyuzi za mkonge, zikitoka upande wa pili, zikichuruzika maji ya kijani, na ataisikia harufu kali ya uchachu ambayo mtu aliyekulia kambini haisahau hata akihamia ng'ambo. Akiambiwa kwamba katika kila kilo 100 za majani hupatikana kama kilo nne tu za singa, ataelewa kwa nini kazi ile ilihitaji watu wengi kiasi kile, na kwa nini manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka mbali hata Tanga ikawa na makabila ya nchi nzima na ya nchi jirani. Singa huanikwa kwenye kamba kama nguo za harusi, husuguliwa kwa brashi, kisha hufungwa katika marobota ya kilo 250. Bodi ya Mkonge ina makao yake makuu hapa mjini, na kituo cha utafiti cha Mlingano kipo Muheza, hivyo wa kueleza hawakosekani.

Reli nayo ilijengwa kwa ajili ya mashamba. Ilianza kuwekwa hapa Tanga mwaka 1893, ikiwa ya kwanza katika nchi hii, ikafika Korogwe mwaka 1902 na baadaye Moshi. Mimi nimekuwa karani wa stesheni kwa muda mrefu wa utumishi wangu, kwa hiyo msomaji anisamehe nikilisifu jengo na reli kupita kiasi, lakini hebu tutazame yaliyotokea Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliteremsha Raskazone jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India, wakiongozwa na Meja Jenerali Aitken, nao Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa kama 1,000. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwaleta askari wake kutoka upande wa Moshi kwa garimoshi hilohilo la mkonge. Katikati ya mapigano ya tarehe 4 risasi ziliwavuruga nyuki, na nyuki waliochokozwa hawakuuliza mtu ni wa upande gani, ingawa wavamizi ndio walioumwa zaidi. Kesho yake wakarudi melini, wakiacha bunduki na risasi kwa wingi. Kutoka Raskazone, kupita Bombo, hadi stesheni ni mwendo wa miguu ambao mzee kama mimi anaumaliza bila kutumia bajaji, na makaburi ya waliokufa yapo humuhumu mjini. Hakuna uwekezaji mkubwa unaohitajika hapo. Vinatakiwa vibao vichache vilivyoandikwa Kiswahili sanifu, vikiwataja pia askari na wapagazi Waafrika, pamoja na vijana waliofundishwa kuisimulia habari hii, wakianzia au wakimalizia katika makumbusho ya Urithi yaliyomo ndani ya Boma la zamani la Wajerumani.

Kusini mwa jiji, kwenye barabara ya Pangani, lipo gofu la msikiti wa Tongoni na makaburi yapatayo 40 yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Naam, chokaa tena, ila ile ya wazee wetu waliochoma matumbawe kwa kuni za mikoko. Katika nguzo za makaburi bado yanaonekana mashimo ya mviringo yalimokuwa yamepachikwa mabakuli ya Kichina. Mabakuli yenyewe hayapo, lakini ukiingiza ngumi katika shimo moja unaweza kuupima ukubwa wa bakuli lililokaa humo karne nyingi. Karibu na pwani hiyo, Mtangata, ndipo jahazi la Vasco da Gama, baharia Mreno, liitwalo São Rafael lilipokwama kwenye fungu mwaka 1498, na mwaka uliofuata, akiwa amepungukiwa na mabaharia, alilichoma moto palepale. Fundi mwashi wa Mombasa angeweza kutumia asubuhi nzima pale bila kuchoka. Njiani ningemwambia kwamba Vibambani, upande huohuo wa kusini, ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, naye angenijibu kwa shairi, maana watu wa Mombasa hawajui kunyamaza kwenye jambo hilo.

Bahari yenyewe ina habari yake. Hifadhi ya bahari iliyoanzishwa hapa mwaka 2009 ilipewa jina la silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka pamoja na dinosaria mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wetu walianza kumnasa kwenye majarife ya kina kirefu mnamo miaka ya 2003 na 2004. Sisemi mgeni ataoneshwa silikanti akiogelea, kwani hukaa kwenye kina ambacho mtu wa kawaida hafiki, lakini mvuvi wa Tanga anayeweza kueleza namna samaki yule wa ajabu alivyonaswa ni kivutio tosha.

Upo upande mwingine wa hoja ambao sitaki kuukwepa. Kiwanda ni mahali pa hatari, na mwenye kiwanda ana haki ya kuhofia mtoto wa mtu karibu na mashine zake. Ndiyo maana siombi milango iachwe wazi kila siku. Ninaomba Halmashauri ya Jiji ikae na wenye viwanda na mashamba wakubaliane angalau Jumamosi moja kwa mwezi, kwa vikundi vidogo vilivyojiandikisha, vikiwa na kofia ngumu na mwenyeji mmoja. Siku hiyohiyo pawepo gari moja linaloondoka stesheni saa mbili asubuhi kwenda Amboni na majimoto ya Galanos, likaishia korona, na kesho yake lielekee Tongoni. Malipo yafanywe mara moja kwa safari yote, na mtandao ukigoma ipatikane stakabadhi ya karatasi. Wahandisi na mafundi wanaokuja kwa ajili ya bomba la mafuta ghafi, linalotoka Hoima nchini Uganda na kuishia Chongoleani baada ya kilomita 1,443, nao wana Jumapili zao, na kwa sasa wengi wanazimalizia hotelini.

Shemeji ameahidi kurudi Desemba shule zitakapofungwa, na safari hiyo atakuja na mkewe. Nimemwambia wabebe nguo za kulalia. Kwa siku ya kwanza sina wasiwasi, kwa kuwa mapango yapo na pweza wa nazi hakosekani. Waheshimiwa madiwani wanisaidie ya siku ya pili.

Wako,
Mkazi wa Chumbageni,
Tanga