Mwenye mashine ni mimi: malalamiko kuhusu chenso mliyoniuzia Nane Nane

Ussoke,
Wilaya ya Urambo,
Mkoa wa Tabora.
29 Septemba 2025

Meneja wa Tawi,
Tabora Mjini.

Nakala: Meneja Mkuu, Makao Makuu, Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MSUMENO WA MNYORORO NA LUGHA YA FUNDI WENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Natumaini u mzima na kazi zinaendelea. Zangu zimesimama tangu tarehe 13 mwezi huu. Sitaanza na historia ndefu: kivuli cha stakabadhi nimekiambatanisha, na waranti ya miezi 6 mmeiandika ninyi, masharti yake mnayajua kuliko mimi. Naanza na Jumanne ya tarehe 16 Septemba, saa 4 asubuhi, kwenye kaunta yenu ya mafundi.

Nilifika na kijana wangu anayeendesha mashine. Nilimsalimia fundi wenu, hakuitika. Nikaweka stakabadhi juu ya kaunta, nikaanza kueleza. Akamgeukia kijana: "Mwenye mashine nani?" Kijana akamwambia ni mama huyu. Fundi akacheka. "Mama, kamlete mzee tuongee naye." Halafu akafungua tangi, akanusa, akasema mafuta hayana oili na waranti imekufa. Hakuchomoa hata plagi.

Mzee anayemtaka nilimzika mwaka 2017. Mikaratusi ekari 4 niliipanda mimi, nikaipalilia mimi, na laki 6 na 90 niliyowalipa taslimu kwenye banda lenu la Nane Nane pale Ipuli ilitoka kwenye pochi yangu. Siku ile hakuna aliyeniuliza mzee yuko wapi.

Tena siku ile nilisema wazi ninachotaka. Miti yangu ni ya kuni za mabani, yale majengo ya kukaushia tumbaku, na nguzo za kujengea, minene kwa myembamba haizidi sinia la chai. Nikaomba mashine ya wastani, baa (lile bapa linalozungukwa na cheni) ya inchi 16 au 18, nyepesi kwa mtu anayeishika kutwa nzima. Muuzaji wenu akasema hizo ni za kukatia ua, nichukue hii kubwa, injini ya cc 72, baa inchi 24, "ukishaishika hii mama huangalii nyuma." Nikaichukua. Hapo kosa langu nalikubali: niliacha nilichokuwa nakijua nikasikiliza mdomo wa muuzaji.

Inchi 24 kwa mkaratusi wa unene ule ni mzigo tu. Nusu ya baa inaning'inia upande wa pili wa mti, mbele ni nzito, mgongo wa kijana unauma, na oili ya cheni haifiki vizuri mpaka ncha. Siku ya 3 cheni mpya ilikuwa imeanza kutoa unga badala ya chenga. Kila mkata miti anajua maana ya unga: meno yameisha. Tuliinoa kwa tupa ya mviringo jino kwa jino, mchana ikarudia. Baa ikageuka rangi ya buluu karibu na ncha kwa joto. Na oili tuliyoweka ilikuwa safi ya dukani, maana najua fundi wenu atasema niliweka oili chafu ya gari. Alishalisema hata hilo.

Turudi kwenye mafuta, kwa sababu ndipo aliponishikia.

Siku ya kununua nilimuuliza muuzaji wenu kipimo cha oili ya 2T, ile inayochanganywa na petroli. Akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika kwenye kifuniko cha boksi: "20 ml kwa lita 1". Kifuniko hicho nimekikata na kukihifadhi, picha yake ni kiambatanisho cha 2. Nikaenda duka la dawa nikanunua bomba la sindano la ml 20. Lita moja ya petroli kwenye chupa, bomba moja la oili, funika, tikisa. Dumu la lita 5, mabomba 5. Kila tulipochanganya niliandika kwenye daftari tarehe na lita. Mara 11. Daftari lipo.

Kijitabu cha mashine tulikikuta baadaye, kimekunjwa chini kabisa ya boksi, kina Kichina na picha. Ukurasa wa picha ya dumu umeandikwa 25:1. Sehemu 25 za petroli kwa moja ya oili ni ml 40 kwa lita. Najua zipo mashine zinazotaka 50 kwa 1, na kwa hizo ml 20 ni sawa kabisa. Hii kijitabu chake kinataka mara mbili ya alichoandika mtu wenu. Kwa hiyo fundi wenu aliponusa na kusema oili ni kidogo, inawezekana hata alikuwa anasema kweli! Mliniandikia ninyi, kwa kalamu yenu, kwenye boksi lenu, kisha mkanihukumu kwa hilo hilo.

Sasa, kuna maneno niliyaruka hapo juu kwa sababu nilitaka barua hii ibaki ya heshima. Naona bila kuyaweka hamtaelewa.

Baada ya kusema kamlete mzee, fundi wenu alinionyesha benchi la nje, walipokaa bodaboda, eti nisubiri pale aongee na "mtaalamu", yaani kijana wangu. Kijana mwenyewe aliangalia chini kwa aibu. Sikwenda. Nilisimama nimeshika stakabadhi. Akachukua tambara, akamwagia mafuta ya tangi langu, akalinusa, akampitishia mwenzake naye anuse, wakaangaliana. Halafu akamwambia kijana, mimi nimesimama pale pale, umbali wa kunyoosha mkono: "Mwambie mama oili haitiwi kwa jicho kama chumvi kwenye mboga." Kaunta nzima ikacheka. Kulikuwa na wateja 6, niliwahesabu kwa sababu sikuwa na pengine pa kuweka macho. Mmoja ni mwenyekiti wa chama cha msingi tunachouzia kuni, na wiki ile ile nilikuwa nasubiri jibu lake la oda.

Kwa jicho kama chumvi. Mimi, mwenye bomba la sindano na daftari. Nikamwambia kipimo mmeandika ninyi kwenye boksi. Akasema boksi si mkataba. Nikaomba kuonana na wewe Meneja, nikaambiwa uko kwenye kikao. Nikaomba karatasi inayosema waranti imekataliwa na kwa nini, nikaambiwa hamtoi. Tukabeba mashine yetu, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, na mafuta ya tangi wamebaki nayo kwenye tambara.

Nimesahau breki, na hiyo ilitangulia yote haya. Wiki ya kwanza ya kazi, tarehe 14 Agosti, ncha ya juu ya baa iligusa tawi la mti wa jirani. Mashine ikaruka kumrudia kijana, kama zinavyoruka zote ncha ikigusa. Kile kikinga cha mbele ya mkono wa kushoto kazi yake ni hiyo: kinasukumwa na mkono, kinabana cheni, inasimama papo hapo. Chenu kilisukumwa kikalala mbele na cheni ikaendelea kuzunguka. Ilipita kando ya shingo ikachana kola ya shati. Shati ninalo. Nilipiga simu dukani siku hiyo hiyo, nikajibiwa "kaza nati". Na ile kofia ya wavu pamoja na suruali ya kinga mlivyosema vinakuja na mashine mpaka leo sijaviona, nilipewa glavu jozi moja.

Ilipofika tarehe 13 Septemba injini ilipoteza nguvu katikati ya mti, ikalia kwa ukali, ikazima. Kamba ya kuwashia haikuvutika tena. Baada ya kufukuzwa kwenu nilipeleka kwa fundi wa pikipiki Urambo, nikasimama juu yake akifungua. Pistoni imekwaruzwa upande wa ekzosi, ringi imeganda. Picha ni kiambatanisho cha 3.

Akafanya na jambo ambalo sikumtuma. Alichukua kipimo cha vernia akapima silinda: milimita 45. Mwendo wa pistoni juu hadi chini: milimita 36. Pigeni hesabu wenyewe, ni ya shule ya msingi. Nusu ya 45 ni 22.5, zidisha kwa yenyewe, mara 3.14, mara 36, gawanya kwa 1,000. Inatoka cc 57. Stika ya pembeni imeandikwa 72. Mmeniuzia injini ya 57 kwa bei ya 72, mkaifunga baa ndefu kuliko nguvu zake, mkanipa oili nusu ya inayotakiwa, halafu tatizo likawa mama hajui kuchanganya.

Hasara haijaishia kwenye mashine. Mkaratusi ukiukata chini, mkato safi wa kulala upande, kisiki kinachipua na unavuna tena bila kupanda. Cheni butu inavuta gome na kulichana mpaka kwenye shina. Nina visiki 38 vilivyochanika hivyo, na sijui vingapi vitachipua. Oda ya kuni nayo imekwenda kwa mtu mwingine, kwa sababu mwenye bani anataka kuni zikauke kabla ya mvua za Novemba, hawezi kunisubiri mimi nibishane na kaunta.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba mnitengenezee tu. Jana jioni nimepigiwa simu kutoka ofisini kwenu: nilete mashine pamoja na shilingi 60,000 "ya kufungua", halafu mtaangalia. Kwa hiyo ombi limebadilika. Nadai:

Shilingi 690,000 zote. Sitaki mashine nyingine kutoka kwenu. Nauli na fundi wa Urambo, shilingi 47,000, stakabadhi zimeambatanishwa. Fidia ya oda, tutakaa tupige hesabu. Na fundi wenu aniombe radhi kwa maandishi, jina langu liandikwe kama mwenye mashine.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita, stika ya 72 na vipimo vya silinda vinakwenda Tume ya Ushindani, breki inakwenda TBS, na madai ya fedha yanakwenda mahakamani chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Halafu kuna stakabadhi yenyewe. Ni ya kuandika kwa mkono. Nilipoomba ya EFD, ile inayotolewa na mashine ya kodi, pale Ipuli niliambiwa mashine hiyo ina hitilafu, itatumwa kwenye simu. Leo ni siku ya 53. TRA Tabora Mjini napafahamu, na nikifika huko sitarudi nyuma hata mkinilipa mara mbili.

Chenso haitaletwa tena dukani kwenu. Iko kwangu, imefunguliwa, kila kipande kwenye beseni. Anayetaka kuikagua aje Ussoke, nitampikia chakula. Asiwe yule wa tambara.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye mashine
(jina, sahihi na namba ya simu viko kwenye nakala iliyopelekwa kwa mkono)