Mheshimiwa Waziri, tuma mkaguzi kabla ya Jumamosi

Kwako Mheshimiwa Waziri unayesimamia nyumba,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kutoka Pipeline, Embakasi. Juzi usiku mafundi walikuwa wakipandisha kokoto juu ya ploti yetu, nguzo ya ngazi ikapasuka. Ufa umeanzia ghorofa ya pili, ukapita nyuma ya mita za stima hadi ya nne. Asubuhi keateka, mtunza jengo, aliupaka simiti; jioni ukajitokeza tena. Mwenye nyumba anataka ghorofa ya nane, na sisi tumo ndani.

Utauliza mbona hatuhami. Wengi wetu tulitoka ushago kutafuta kibarua Viwandani, na kutoka hapa mtu huenda kazini kwa miguu. Nauli ikiingia kwenye hesabu, unga unatoka. Ndiyo maana watu watano tunalala chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi. Taa inawaka mchana kutwa kwa kuwa dirisha limetazamana na ukuta wa jirani. Anayerudi kutoka shifti ya usiku husubiri watoto waende shule ndipo apate kitanda. Mkoloni alimjengea mfanyakazi wa Nairobi chumba cha kapera, akitarajia arudi kwao kazi ikiisha. Zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru chumba ni kilekile, ila sasa kina mke, watoto na jiko.

Mheshimiwa, mkasa wa mtaa wa Huruma, hapa Nairobi, hujausahau. Tarehe 29 Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka wakati wa mvua, likaua watu karibu 50. Lilikuwa limeshaamriwa libomolewe, na bado watu waliishi humo. Viongozi wakaagiza majengo yakaguliwe. Kwetu sijamwona mkaguzi. Labda jalada limekaliwa mahali, labda kuna mtu amelainishwa. Hilo silijui, ila ufa nauona.

Mshahara wangu unakatwa ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 kila mwezi, na sijawahi kuukataa. Kifungu cha 43 cha Katiba kinanipa haki ya makao yanayofaa. Leo hata nyumba mpya siombi. Naomba mkaguzi. Aje apime zege la nguzo zile, asimamishe ujenzi, abandike matokeo langoni tuyasome wenyewe. Zege la juu linamwagwa Jumamosi.

Mkaguzi tu, Mheshimiwa. Kabla ya Jumamosi.

Mpangaji, ghorofa ya tano,
Pipeline, Nairobi